Usilitupe Shoka Lako Motoni

Tuseme wakulima wawili wamenunua mashoka kwa mhunzi mmoja. Mashoka yote mawili yamefuliwa kutoka springi moja ya gari bovu. Baada ya miezi michache shoka la kwanza linakata vizuri. La pili likinolewa asubuhi, mchana ni butu. Mwenyewe anamlaumu mhunzi.

Lakini mhunzi hana kosa. Mpini wa shoka la pili ulivunjika. Mti ukabaki umeshika mkia wa shoka, yaani ile ncha inayoingia katika mpini. Mwenye shoka akalitupa lote motoni ili mti uungue. Mti uliungua, na nguvu ya shoka ikaondoka pia.

Je, hutokeaje hivyo?

Springi ya gari ni chuma cha pua. Chuma hicho kina kaboni kidogo. Kaboni ndiyo sehemu kubwa ya mkaa tunaopikia. Katika kilo 100 za springi, kaboni ni kama nusu kilo tu. Lakini bila kaboni hiyo, shoka haliwezi kuwa gumu.

Mhunzi hukitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu. Hapo kaboni huenea ndani ya chuma chote. Chuma huwa laini, naye hukifua kwa nyundo. Akimaliza, hulipasha shoka tena na kutosa makali yake katika maji au mafuta. Chuma hupoa ghafla. Kaboni hunaswa pale ilipo, haipati nafasi ya kujitenga. Makali huwa magumu sana. Lakini sasa yanaweza kumeguka kama kigae. Kipande kikiruka, kinaweza kupofusha jicho.

Kwa hiyo mhunzi hulipasha shoka mara nyingine, kwa moto mdogo. Hutazama rangi juu ya chuma kilichosuguliwa. Huja manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Zambarau ikifika kwenye makali, hulipoza. Sasa shoka ni gumu, tena halimeguki upesi.

Shoka likiwa jekundu motoni, kisha likapoa polepole katika majivu, kazi hiyo yote hupotea. Kaboni hujitenga, na chuma hurudi kuwa laini. Kunoa hakurudishi ugumu.

Basi, ndugu mkulima, kumbuka haya:

1. Mpini ukivunjika, pasua mti uliobaki kwa patasi na nyundo. Usilichome shoka.

2. Ukitoboa mpini mpya kwa mkia uliotiwa moto, makali yakae nje ya moto. Yafunge kwa kitambaa kilichoroweshwa.

3. Ukinoa kwa jiwe la mashine, chovya shoka katika maji mara kwa mara. Makali yakigeuka buluu, ugumu umepungua.

4. Shoka lako limekwisha ungua? Usilitupe. Lirudishe kwa mhunzi. Chuma ni kile kile, naye ataweza kukipa ugumu upya.