Kusi Ikivuma, Tusipoteze Pumzi ya Kuogelea

Wenzetu wa vikundi, kila mwaka kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kusi huchafua bahari yetu toka Diani mpaka Vanga. Hapo wale walioanza kujifunza kuogelea wakati wa kaskazi huacha kabisa, ati bahari ni mbaya. Mahoteli ya Diani yana mabwawa yenye maji matulivu mwaka mzima, lakini wengi wetu hatuna njia ya kuingia humo. Basi tufanyeje, ili kaskazi ikirudi tusianze tena moja?

Jambo hili si mchezo wa vijana tu. Mama anayelima mwani Kibuyuni au Mkwiro, au anayetafuta pweza mwambani, huenda maji yakiwa yamekupwa na pengine hurudi yakiwa yameshaanza kujaa. Hahitaji mbio za kushinda kombe. Anahitaji kuelea, kupumua bila hofu, na kufika pwani na nguo zake mwilini. Tukumbuke pia Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994: watu 272 walikufa feri ilipopinduka karibu kabisa na nchi kavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani kote.

Mtu aliyejua kuogelea hasahau namna yake. Kinachopungua ni pumzi na nguvu za mabega, na hupungua upesi, ndani ya wiki chache tu. Hatari iko hapo: kichwa kinakumbuka kwamba unaweza kufika, mwili hauwezi tena.

Watu wengine husema dawa ni kukimbia mchangani. Kukimbia ni kuzuri kwa pumzi, lakini mama anayechota maji na kulima tayari ana miguu na mgongo wa kutosha. Anachokosa ni mvuto wa mikono. Mwendee fundi wa baiskeli, mwombe mpira wa ndani uliochakaa. Ukate uwe mkanda mrefu, uufunge kwenye mnazi usawa wa kiuno. Simama ukiutazama mnazi, inama, shika ncha mbili, nyosha mikono mbele, kisha vuta mpaka mikono ifike mapajani, kama unayesukuma maji nyuma. Vuta mara 15, pumzika, rudia mara tatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Bega likiuma kwa ndani, acha, usilazimishe.

Zoezi la pili linawachekesha watu, lakini sisi tunaliona ndilo kubwa. Chukua beseni la maji safi, tia uso ndani, toa pumzi polepole puani mpaka mapovu yaishe, geuza kichwa upande, vuta hewa kwa mdomo, rudi tena. Fanya mara 20 bila haraka. Wengi wanaochoka upesi majini hawakuchoka mikono, ni kwa sababu wanazuia pumzi. Ukimaliza, mwaga maji yale. Mtoto mdogo anaweza kufa hata ndani ya beseni. Tena msishindane kuzuia pumzi chini ya maji: mtu huzimia bila dalili, na mwenzake akadhani anacheza.

Kuna wanaohamia kwenye mabwawa na mito ya huku bara, kwa kuwa maji yake hayana mawimbi. Hatushauri hata kidogo. Kichocho kiko Kwale, Msambweni ikiwemo, na wadudu wake huingia kupitia ngozi katika maji baridi yenye konokono. Maji ya chumvi hayana kichocho hicho. Anayeona damu katika mkojo aende kituo cha afya, dawa ipo.

Na bahari yenyewe si lazima kuihama miezi yote. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huenda mbali na hurudi kwa nguvu, tuziache. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayavuti sana, na hujaa asubuhi kama saa nne hivi. Nendeni mapema yanapoanza kupanda, kabla upepo haujashika, ndani ya mwamba, kina kisipite kifua. Ogeleeni sambamba na pwani, msielekee nje, na mkae mbali na mlango wa mwamba. Wavuvi wa hapo wanaujua. Waulizeni kwanza, na wakisema leo hapana, rudini nyumbani.

Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake baharini, wakivaa nguo zinazofunika mwili mzima na kushika madumu matupu ili waelee. Sisi pia madumu tunayo. Dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri hubeba mtu mzima. Lishike kifuani, piga miguu dakika tano, kisha lala chali dakika tano ukilikumbatia. Mmoja wenu abaki mchangani na dumu la pili lililofungwa kamba ndefu, asiingie majini wala asiwageuzie kisogo, mpaka wa mwisho atoke.