Kalafati: Pamba Baina ya Mbao

Ufundi wa kuunda vyombo katika visiwa vya Lamu umekipa Kiswahili msamiati ambao aghalabu hufafanuliwa kwa haraka mno. Kalafati ni mojawapo. Kusema kwamba kukalafati ni kuziba nyufa za chombo si kosa, ila ufafanuzi huo unaficha kiini cha kazi yenyewe: nyufa hizo huzibwa kwa kitu laini, tena kwa makusudi.

Sababu imo katika mbao. Ubao ukinywa maji hutanuka kwa upana, ilhali urefu wake karibu haubadiliki, ukikauka hunywea. Dau lililokaa juani ufuoni huachana mbao, nalo likirejeshwa majini huvuja siku moja au mbili hata mbao zifure na kubanana.

Fundi huanza kwa kukwangua uchafu na pamba kuukuu. Kisha husokota nyuzi za pamba, huzipaka mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, akazipigilia kwa patasi butu na nyundo. Mwanya hutakiwa uwe mpana nje na mwembamba ndani, pamba isije ikapenya hadi ngamani. Mkono mzito ni hatari sawa na mkono mwepesi. Pamba haba hupitisha maji. Iliyoshindiliwa kupita kiasi huunyima ubao pa kufuria, mbao zikasukumana hata misumari ikalegea. Wanaojiundia mashua nyumbani hukosea hapa, wakajaza saruji au gundi ngumu, nayo hupasuka mbao zinapofura.

Kalafati isichanganywe na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa upakwao nje, sehemu izamayo, kuikinga na wadudu watoboao mbao. Kamusi zinazoyaweka maneno haya karibu karibu humpoteza msomaji wa bara.

Neno lenyewe limesafiri kama vyombo vyake. Ni jamaa ya *qalfata* ya Kiarabu, *calafetar* ya Kireno na *calafatare* ya Kiitaliano. Mabaharia hawakuacha istilahi zao bandarini.

Kazi ikiisha, maji humiminwa ndani ya chombo kingali nchi kavu, na kila panapodondoka hutiwa alama na kupigiliwa upya. Ndipo dau hushushwa penye maji mafupi, nao upo ukiwa tayari ndani kwa siku hizo mbili za kukumba.