Tarishi, Askari na Meno ya Mbwa

Shirika la Posta la Marekani lilihesabu mashambulio zaidi ya 5,800 ya mbwa dhidi ya matarishi wake katika mwaka 2023 peke yake. Tarishi huingia uani kwa watu asiowajua, naye mbwa hana habari ya sare wala mhuri wa serikali.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Mocímboa da Praia hadi Palma, tarishi wa posta hayupo tena, kwani Serikali ya Msumbiji iliamua kulivunja shirika lake la posta mwaka 2021. Lakini hodi bado zinabishwa. Tangu vita vilipozuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017, anayebisha aghalabu ni askari wa doria, au polisi mwenye hati ya wito. Maelfu ya wenyeji walikimbilia kusini kwa mashua mwaka 2020; mbwa wa kulinda shamba hapandi mashua.

Askari aking'atwa, mkono wake wa kwanza huenda kwenye bunduki. Humwua mbwa, hufunga jeraha kwa kitambaa, akacheka na wenzake. Hapo ndipo hatari ilipo. Kichaa cha mbwa hakina haraka: aghalabu hujificha mwilini mwezi mmoja hadi mitatu, na dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi ila kwa nadra mno.

Hapana budi jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kuchomwa chanjo bila kungoja dalili. (Kipande cha sabuni hakiongezi uzito wa mkoba wa doria.) Mbwa naye, akiweza kukamatwa kwa usalama, afungwe na kuangaliwa siku 10, akibaki mzima, daktari aweza kusimamisha sindano zilizosalia. Mbwa aliyepigwa risasi ya kichwa haangaliwi, na ubongo ambao maabara ingeupima umeharibika.

Wapo wasemao mbwa wote wauawe. Kisiwani Pemba, ile ya Zanzibar, si mji wa Pemba ulio makao makuu ya Cabo Delgado, ugonjwa huu ulitokomezwa mwaka 2018 kwa kampeni za kuwachanja mbwa. Shabaha ya wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100.