Kuumega Mkate Mmoja

Zamani za mitume palikuwa na mji mashuhuri katika nchi ya Wayunani, jina lake Korintho. Mji huo ulikuwa na bandari mbili, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi, na kwa ajili ya biashara watu wa kila hali walikaa humo, matajiri na maskini, mabwana na watumwa. Mtume Paulo alihubiri huko kadiri ya mwaka 50, na watu wa hali hizo zote wakaamini.

Waumini hao hawakuwa na jengo la kanisa. Walikutana nyumbani, wakala chakula pamoja, na hapo waliumega mkate na kunywa kikombe kwa kumkumbuka Bwana Yesu, kama alivyowaagiza wanafunzi wake usiku ule aliotolewa. Wakati huo Jumapili haikuwa siku ya kupumzika. Kaisari Konstantino ndiye aliyeiweka iwe hivyo, mwaka 321. Tena mtumwa hakuweza kuiacha kazi ila kwa ruhusa ya bwana wake.

Basi desturi mbaya ikaingia. Wenye mali walikula vyakula vyao wenyewe pasipo kuwangoja wengine, hata ikawa huyu ana njaa na huyu amelewa, nao wote wamo katika nyumba moja. Habari hizo zilimfikia Paulo huko Efeso, naye akawaandikia waraka wa kuwakemea. Aliwaambia kwamba hicho walacho si chakula cha Bwana, kwa kuwa wamewatahayarisha wasio na kitu, akawaagiza wangojane.

Kwa nini kosa hilo lilikuwa kubwa hivyo? Sababu yaonekana katika mkate wenyewe. Mkate hufanywa kwa punje nyingi za ngano. Zikiisha kusagwa, kukandwa na kuokwa, hakuna awezaye kuzitenga tena na kusema, hii ilitoka shamba la tajiri na hii shamba la maskini. Tena mkate ukimegwa, kila mtu hupokea kipande cha ule ule alioupokea jirani yake. Ndiyo maana jambo hili huitwa ushirika, yaani kuwa na fungu pamoja na wengine. Paulo alifundisha kwamba wengi walao mkate mmoja ni mwili mmoja. Na kiungo kimoja kikiumia, mwili wote huumia.

Kadiri ya mwaka 155 Yustino, mwalimu Mkristo aliyekaa Roma, alimweleza Kaisari Antoninus Pius ibada ya Wakristo ilivyo. Mkate ulipokwisha kugawanywa, mashemasi waliwapelekea hata wasioweza kuhudhuria. Kisha wenye kitu walitoa kadiri walivyopenda, na sadaka hiyo iliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Makanisa hutofautiana katika desturi zao: wengine hutumia mkate usiotiwa chachu, wengine uliotiwa chachu. Lakini fundisho walilopewa Wakorintho ni la wote. Mtu apokeaye kipande cha mkate huo akiri kwamba aliye kando yake ni ndugu yake. Akitoka mlangoni na kumwacha ndugu huyo na njaa, naye ana chakula, amerudia kosa lile lile la Korintho.