Aspirini ya Moyo na Damu Inayopotea Utumboni

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hakosekani mzee anayemeza kila siku kidonge kidogo cha aspirini, cha miligramu 75 au 100, kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi. Akianza kuchoka, akihema kwenye ngazi za kanisa na viganja vikipauka, tunasema ni uzee. Huenda anapoteza damu, na pengine inapotelea mahali ambapo hata madaktari hawakuwa wakipaona vizuri: utumbo mwembamba.

Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa njia hiyo hiyo chembe sahani za damu hushindwa kushikamana, na hapo ndipo moyo unapofaidika. Lakini prostaglandini pia hulinda utando wa ndani wa mfuko wa chakula na utumbo. Kinga ikipungua, nyongo na bakteria hupata mwanya. Utando huchubuka, vidonda vidogo hutokea na kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi. Chembe sahani nazo, zikiwa zimezuiwa, haziwahi kuziba.

Kamera ya kawaida inayopitishwa mdomoni huishia mwanzo wa utumbo mwembamba. Ile ya kutokea chini huangalia utumbo mpana. Katikati hubaki mita kadhaa zisizoonekana. Kapsuli yenye kamera, ambayo mgonjwa huimeza, ilianza kutumika hospitalini mwaka 2001, na ndiyo iliyoonyesha michubuko hiyo kwa watumiaji wa aspirini, wengine bila maumivu yoyote.

Wengi hupewa omeprazoli wakadhani wamekingwa. Omeprazoli hupunguza asidi, hivyo husaidia mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo. Chini zaidi tatizo si asidi. Wala kidonge chenye ganda lisiloyeyuka kwenye mfuko wa chakula si kinga ya huko, maana ganda huyeyukia utumboni penyewe.

Sisi wa falsafa tunaonywa tusidhani kwamba kinachofuata kitu kimesababishwa nacho. Minyoo ya safura na lishe duni pia hupunguza damu, na vidonge vya madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi bila damu yoyote. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa damu ni bora kuliko kubahatisha. Ila choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, si cha kusubiri: hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, au aliyewekewa stenti, asiache aspirini kwa uamuzi wake. Damu inaweza kuganda na kumwua. Asiye na ugonjwa huo, anayemeza kwa kusikia tu kwamba ni nzuri, amwulize daktari kama anaihitaji. Utafiti wa ASPREE, uliotolewa mwaka 2018 na kuhusisha wazee zaidi ya 19,000 wenye afya wa Australia na Marekani, haukuona kwamba iliwaongezea miaka ya uzima, bali kuvuja damu kuliongezeka.

Mkimpeleka mzee kupimwa, bebeni dawa zake zote, pamoja na ile diklofenaki ya magoti aliyojinunulia duka la dawa. Ikichanganywa na aspirini, hatari ya kuvuja damu huwa kubwa zaidi.