Safari ya Usiku Ziwa Nyasa (5): Meli Iliyobebwa Vipande

Tangu ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay uanze, ukipita Matiri au Mbinga mjini husikii lingine: makaa ya mawe yatapita wapi, kahawa yetu itavukaje kwenda Malawi, nani kawahi kiwanja. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga imetusogeza ziwani sisi watu wa milimani, na kila mtu sasa anaitazama Nyasa kama njia ya mizigo. Ni haki yake. Ila inaniuma kuona bandari inajengwa na hakuna anayewataja waliolifungua ziwa hili kwa jasho lao.

Wanaofuatilia makala hizi wanakumbuka kwamba tuliiacha MV Mbeya II kituoni Lupingu, usiku, ikielekea Mbamba Bay. Meli hii iliundwa kule Kyela ikaanza kazi 2021, na inachukua abiria 200 na tani 200 za mizigo. Pasipo na gati hutia nanga nje, mitumbwi ikaifuata. Mama hushuka ngazi mgongoni ana mtoto, mguu mmoja bado uko melini, wa pili unautafuta mtumbwi unaopanda na kushuka. Aliye chini anammulikia tochi, na gunia linatangulizwa mikononi mwa vijana. Nanga ikisha kung'olewa, kushoto inabaki milima ya Livingstone, myeusi mitupu, na kulia taa za wavuvi wa usipa zimetapakaa juu ya maji ya ziwa ambalo kina chake hufika takriban mita 700.

Ni katika saa hizo ndipo mimi huikumbuka meli ya Chauncy Maples. Iliundwa Glasgow, Uskoti, 1899, kwa ajili ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kisha ikafunguliwa yote na kusafirishwa vipande 3,481. Ilipanda Mto Zambezi na Shire, lakini Shire ina maporomoko ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapita. Hapo ndipo watu walipoingia kazini. Vipande vilibebwa kwa kichwa na kwa bega karibu kilomita 100. Boila lenyewe lilikuwa na tani 11, likafungwa juu ya magurudumu na kuvutwa kwa kamba na Wangoni 450, ndugu wa Wangoni wetu wa Songea. Hebu fikiri mlima mmoja tu, kamba mabegani, na chuma hicho kinataka kurudi nyuma. Meli ikaunganishwa upya Malindi, kusini mwa ziwa, na kushushwa majini Juni 1901. Ikawa kanisa, zahanati na shule ya walimu inayotembea kutoka bandari hadi bandari.

Jina lake ni la askofu aliyezama katika ziwa hilihili Septemba 1895, usiku, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba akielekea Likoma. Jina la askofu limeandikwa ubavuni mwa meli. Ya wale 450 hayakuandikwa popote.

Aliyeizoea pwani yetu kuliko wageni wote ni Askidikoni William Percival Johnson, aliyezunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40, macho yake yakiwa karibu kupofuka, akafariki 1928 na kuzikwa Liuli. Wageni wakiletwa Liuli huonyeshwa upesi mahali pa mizinga ya Agosti 13, 1914, meli Gwendolen ya Waingereza ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, ambayo nahodha wake alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Kisa hicho kinapendwa mno, na kwa maoni yangu kimepewa nafasi isiyo yake. Risasi chache za nahodha wa kigeni kwa mwenzake aliyekuwa akinywa naye zinasimuliwa vitabuni kote, na kamba ya boila haina hata kibao.

Kukipambazuka visiwa vinaanza kujitokeza, miamba mikubwa yenye miti juu, Mbamba Bay ikifunguka nyuma yake. Kwenye miamba ya visiwa vyetu, kama Hongi, wanaishi samaki wadogo wa rangi ambao wafugaji wa samaki Ujerumani na Marekani wanawanunua kwa jina hilohilo la Hongi. Mtoto wa huko anakijua kisiwa chetu kwa tangi lililoko sebuleni kwao. Wa Matiri je, amefundishwa nini juu yake?

Kwa hiyo ombi langu kwa Mamlaka ya Bandari ni chumba kimoja katika jengo la abiria: picha za meli za zamani, ramani ya njia ya boila, na maelezo ya Kiswahili yatakayosomeka na mwanafunzi wa darasa la tano. Na kabla ya chumba hicho, maboya ya kuokolea yavaliwe, hasa kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera unapolichafua ziwa, na yavaliwe pia na wanaoshukia mitumbwini, kwa sababu hatari kubwa iko hapo ngazini. Gati za vituo vidogo nazo zisisahauliwe eti kwa kuwa Mbamba Bay imepata kubwa.

Wiki ijayo tutashuka Liuli, tuanze na kaburi la Johnson na hospitali ya Mtakatifu Anna, ndipo tupande mwamba ambao Wajerumani waliuona una sura ya mnyama wa Misri.