Habari za Tuliosoma Pamoja
Na mwanafunzi wa zamani, Kidato cha Nne 1978

Mhariri ameniomba nieleze jinsi darasa letu lilivyotafutana baada ya miaka zaidi ya 40, na mambo tuliyoyajua katika kutafutana huko. Nafanya hivyo kwa furaha, hasa kwa ajili ya vijana wa Kidato cha Nne watakaoiaga shule mwaka huu. Nao pengine wadhani, kama tulivyodhani sisi, kwamba watu waliolala bweni moja miaka minne hawawezi kupotezana. Wanaweza, tena upesi sana.

Tulikuwa wavulana 36. Tuliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1975, tukamaliza mwishoni mwa 1978, wakati majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamevamia Kagera na taifa zima limeelekeza masikio kwenye redio. Hatukupata nafasi ya kuagana vizuri. Wenzetu 9 walichaguliwa kwenda Kidato cha Tano. Waliobaki walikwenda vyuo vya ualimu, kilimo na uganga, wengine ukarani, wengine jeshini, na wengine walirudi kwa wazee wao kushika jembe.

JINSI MTU ANAVYOTAFUTWA

Kazi yetu ilianzia kwenye rejista ya shule. Humo mna jina la mwanafunzi, jina la mzazi, kijiji na anwani. Mtu aweza kudhani hayo yatosha, walakini tulikuta mashaka mawili. Kwanza, miaka ile ya 1974 hadi 1976 ilikuwa ya Operesheni Vijiji, na watu wengi walihamishwa. Kijiji kilichoandikwa siku mtoto alipofika shuleni huenda mwaka uliofuata hakikuwa na mtu. Pili, katika nchi yetu barua haikuwa ikipelekwa mlangoni kwa mtu. Ilikwenda kwenye sanduku la posta, na aghalabu sanduku lenyewe lilikuwa la shule ya msingi, la misheni, au la mwenye duka. Mwenye duka akifa au akihama, anwani imekufa pamoja naye.

Basi tuliacha kumwandikia mtu, tukaandikia mahali. Tulimwomba mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya karibu amwulizie yeyote wa ukoo wa fulani. Tuliwauliza wajumbe wa nyumba kumi, na wazee wa msikiti na wa kanisa. Njia hii ilitufaa kuliko zote, kwa sababu mtu huhama, lakini kaburi la babu yake halihami, na kila ukoo huwa na mmoja aliyebaki kulinda shamba. Tukimpata huyo, namba ya simu ya tuliyemtaka ilipatikana siku ileile. Na kila aliyepatikana alitupa habari za mwingine.

Baada ya miaka mitatu hesabu ilikuwa hivi: walio hai 23, marehemu 11, na wawili ambao habari zao hatujazipata hata leo.

MAMBO YALIYOTUPATA

Ukizisoma barua zote kwa pamoja waona kwamba maisha yetu yalifuata miaka ya nchi kuliko namba tulizoshika darasani. Wale 9, baada ya Kidato cha Sita, waliingia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini, maana Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuomba Chuo Kikuu. Wengine wao hawakuomba tena. Walikuwa wamekwisha kuoa na kuzoea mshahara.

Waliopata kazi katika mashirika na viwanda vya umma tuliwaonea wivu. Mwaka 1986 Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 viwanda vingi vilifungwa au kuuzwa, na watumishi wengi wakapunguzwa kazini. Wenzetu sita walirudi nyumbani wakiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, wana watoto wadogo na cheti kisichotakiwa tena. Lakini mmoja aliyefeli mtihani mwaka 1978, akaona haya kubwa, alikuwa na miti ya mikorosho iliyomsomeshea watoto watano.

Kuhusu marehemu yafaa niseme wazi, ili vijana wajue. Tulipomaliza shule Ukimwi ulikuwa haujajulikana. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenzetu saba kati ya hao 11 walifariki kati ya mwaka 1988 na 2003. Baadhi ya jamaa zao walitutajia ugonjwa wenyewe. Wengine walisema tu kwamba aliugua muda mrefu, nasi hatukuuliza zaidi. Dawa za kupunguza nguvu za virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mmoja wetu azitumia tangu 2005, na ameniruhusu kuandika hivyo bila jina lake. Analima, na anaimba kwaya. Ni miaka michache tu iliyomtenga yeye na wale saba.

KWA NINI WENGINE HUNYAMAZA

Karatasi ya kwanza tuliyowapelekea waliopatikana ilikuwa kama fomu ya kazi: jina, mahali, kazi, cheo, elimu ya juu. Waliojibu upesi walikuwa wenye vyeo. Wengine walinyamaza kabisa, ingawa tulijua kwamba wameipata.

Karatasi ya pili iliuliza jambo moja tu: "Ni nani wa darasa letu unayemkumbuka, na kwa jambo gani?" Majibu yalikuja mengi. Aliyetushangaza zaidi ni yule aliyekuwa akituongoza sote katika hesabu. Alikuwa amepunguzwa katika kiwanda kimoja cha nguo, na tangu hapo ni fundi baiskeli. Alituletea kurasa nne za daftari. Alikumbuka nani alimfundisha nani aljebra kwa taa ya chemli, na nani alilia baba yake alipofariki. Alituonyesha pia kwao na wawili tuliokuwa tumekata tamaa nao. Mmoja tukamkuta hai, wa pili tukaonyeshwa kaburi lake. Mwishoni aliandika, "Nilidhani mwataka habari za wakubwa."

Herufi za barua hiyo zilikuwa kubwa mno, na mistari ilipandana. Mwenzetu mmoja aliyestaafu uganga aliisoma mara mbili, akasema, "Huyu haoni." Ilikuwa kweli. Alikuwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifunika mboni kidogo kidogo kadiri mtu anavyozeeka. Hauondoki kwa dawa ya matone wala ya miti shamba. Huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimwekea njiti za magurudumu. Tulichanga nauli na gharama, tukazituma kwa simu, akapasuliwa jicho moja, na baadaye la pili. Sasa anafanya kazi yake mwenyewe. Tungalibaki na ile fomu yetu ya vyeo, labda leo angekuwa kipofu kabisa, na sisi tungesema tu kwamba hakujibu.

WAFANYAVYO WENGINE

Huko Marekani jambo hili limekuwa elimu kamili. Mwaka 1938 wataalamu walianza kuwafuata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, na jumla yao ikafika 268. John F. Kennedy, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, alikuwa mmoja wao. Baadaye waliunganishwa na vijana 456 wa mitaa maskini ya mji wa Boston. Kila baada ya miaka miwili waliulizwa juu ya afya, kazi, ndoa na rafiki zao, na uchunguzi huo umeendelea hata kwa watoto wao. Walipozitazama habari za wale waliofika miaka 80, waliona kwamba waliokuwa na afya njema zaidi ni wale waliokuwa wameridhika na ndugu na rafiki zao walipokuwa na miaka 50. Sisi hatukuwa wataalamu, lakini habari za yule fundi zatuonyesha njia mojawapo ambayo jambo hilo hutendeka: mwenye rafiki ana mtu wa kumwambia, "Huyu haoni."

SHAURI KWA WANAOMALIZA

Kwanza, kabla ya mtihani, fungueni daftari la darasa. Kila mmoja aandike anwani tatu: yake, ya mzazi, na ya mtu wa ukoo ambaye hahami. Namba za simu hubadilika. Yule wa tatu ndiye atakayewaokoa.

Pili, chagueni waandishi wawili, wasiwe wa mkoa mmoja. Akifariki mmoja, daftari lisipotee.

Tatu, mara moja kwa mwaka ulizaneni habari, nanyi msianze kwa kuuliza cheo. Ulizeni mtu anamkumbuka nani.

Nne, mwenzenu akifariki, andikeni tarehe na mahali alipozikwa, na mwilete habari hiyo shuleni. Wazee wa mwenzetu mmoja walikuwa wamengoja miaka 20 mtu wa shule yake afike kuwapa pole.

Daftari letu la watu 36 limewekwa maktaba, nami nimeacha kurasa nyeupe kwa ajili ya wale wawili. Mmoja kwao ni Kibondo, mwingine ni Newala. Mwanafunzi yeyote atokaye huko, akienda likizo, tafadhali aje kwanza maktaba asome majina hayo, kisha awaulize wazee wa nyumbani.